Shata ya polepole kwenye video: mwongozo kamili wa kupata michirizi ya mwendo bila kuharibu picha

Mara ya kwanza nilipojaribu shata ya polepole nilikuwa kwenye harusi ya watu, tena bibi harusi ndiyo kwanza anaingia ukumbini. Nilikuwa nimeshaona klipu za namna hiyo mtandaoni, taa zinavutika kama uzi, watu wanapita kama moshi, nikasema leo na mimi. Nikashusha shata hadi 1/6 ya sekunde, kamera mkononi, nikaanza kurudi kinyumenyume mbele ya msafara. Usiku nilipokaa kuitazama, hapakuwa na uzi wala moshi. Kulikuwa na shela iliyoyeyuka na nyuso zisizo na macho. Mama mdogo wa bibi harusi alipoletewa video akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, hiyo kamera yako ina mtoto wa jicho?"

Sikuwa na la kujibu. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba tatizo halikuwa shata. Katika fremu ile kila kitu kilikuwa kinakwenda: bibi harusi anatembea, wapambe wanacheza, mimi narudi nyuma na mikono inatetemeka. Jicho la mtazamaji lilikosa pa kushika. Michirizi hupendeza pale tu pembeni yake kinapokuwepo kitu kilichotulia tuli. Kikikosekana, mtu haoni mwendo, anaona mpiga video asiyejua kazi. Kwa hiyo yote yaliyo hapa chini yanaanzia kwenye swali moja la kujiuliza kabla hujagusa kitufe: hapa nani anatulia?

## Shata inafanya nini hasa

Video ni picha za mgando zinazopita haraka. Umeme wetu Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, kwa hiyo mpangilio unaoelewana na taa zetu ni fremu 25 kwa sekunde. Kwa kila fremu kamera hufungua mlango, mwanga ukaingia kwenye sensa, kisha mlango ukafungwa. Muda ambao mlango uko wazi ndiyo spidi ya shata. Kamera nyingi za leo hazina mlango wa kweli wakati wa video, kazi hiyo hufanywa na sensa yenyewe, lakini hesabu ni ileile.

Kanuni unayofundishwa siku ya kwanza ni ya nyuzi 180: namba ya shata iwe mara mbili ya fremu. Fremu 25, shata 1/50. Jina hilo limetoka kwenye kamera za zamani za mkanda wa filamu, ambazo shata yake ilikuwa sahani inayozunguka. Sahani iliyokatwa nusu duara iliruhusu mwanga kwa nusu ya muda wa kila fremu. Mlango ukiachwa wazi muda wote wa fremu, hizo ni nyuzi 360, yaani 1/25.

Na hapo ndipo penye ukuta. Sekunde ikishagawanywa mara 25, fremu moja haiwezi kukusanya mwanga zaidi ya 1/25, maana fremu inayofuata iko mlangoni inabisha hodi. Ukiona kamera inakubali 1/12 au 1/6 huku bado inarekodi fremu 25, jua inacheza mchezo: inapiga picha chache na kuzirudia. Kwenye 1/12 kila picha inaonekana mara 2 hivi, kwenye 1/6 mara 4. Ndiyo maana video ya namna hiyo ina michirizi na wakati huohuo inaruka kidogo, kama mtu anayekimbia ndotoni. Wengine wanaipenda, wengine inawakera. Mimi naipenda kwa kipimo cha chumvi.

Kamera nyingi za Sony za familia ya Alpha hushuka hadi 1/4 ukiwa kwenye M, yaani unapopanga kila kitu mwenyewe. Zipo za kampuni nyingine zinazogoma palepale penye 1/25. Yako ikigoma haijaharibika, na huko mbele kuna njia ya kuzunguka.

## Hatua ya 1: pima mchirizi kabla ya kuupiga

Watu wengi huzungusha gurudumu la shata kwa kubahatisha. Hakuna haja, hesabu yake ni ya darasa la tano.

Chukua bodaboda inayokwenda kilomita 36 kwa saa. Hiyo ni mita 10 kila sekunde. Kwa shata ya 1/50 inasogea sentimita 20 wakati mlango uko wazi. Kwa 1/25, sentimita 40. Kwa 1/12, sentimita 83 hivi. Kwa 1/6 inasogea karibu mita 1 na sentimita 70, na bodaboda yenyewe urefu wake ni kama mita 2. Maana yake imejipaka juu ya barabara karibu urefu wake mzima.

Sasa linganisha na upana wa fremu. Kama lenzi yako inaona mita 10 za barabara, sentimita 20 ni asilimia 2 ya upana. Hakuna atakayeona la ajabu. Asilimia 4 hadi 8 ndiyo michirizi ambayo mtu bado anajua hii ni bodaboda na huyu ana abiria. Ikifika asilimia 17 umebaki na kamba ya rangi nyekundu yenye taa. Hivyo ni vipimo vya macho yangu, wewe tafuta vya kwako, ila pima kwa upana wa fremu. Ukivuta kwa lenzi ndefu hadi fremu ikaona mita 3 tu, 1/25 ileile inatoa mchirizi mara tatu na ushee.

Mtu anayetembea kawaida, kilomita 5 kwa saa, anakwenda kama mita 1.4 kwa sekunde. Kwa 1/25 anasogea sentimita 6 hivi, na hiyo ndiyo sababu wanaojaribu 1/25 sokoni hurudi wakilalamika kwamba hawaoni tofauti. Kwa waenda kwa miguu unahitaji 1/6 au 1/4, ambapo anasogea sentimita 23 hadi 35. Kwa magari, 1/25 inatosha, mara nyingi.

## Hatua ya 2: tafuta mwanga unaovumilia

Kila unaporefusha shata mara mbili, mwanga unaoingia nao unakuwa mara mbili. Wapiga picha huita hiyo stopu moja. Kutoka 1/50 kwenda 1/25 ni stopu 1, hadi 1/12 ni 2, hadi 1/6 ni 3. Mchana wa Dar es Salaam stopu 3 za ziada zinatosha kuunguza picha yote hadi shati jeupe na ukuta vishindwe kutofautiana.

Hesabu ya jua kali iko hivi. Kwa ISO 100 (ISO ni kiwango cha sensa kuhisi mwanga) na tundu la lenzi f/16 (namba kubwa, tundu dogo), shata inayopata mwanga sahihi ni kama 1/100. Ukitaka 1/6, umeongeza stopu 4. Na hutaki kubaki f/16, kwa sababu kwenye matundu madogo sana lenzi hupoteza ukali, tena kila punje ya vumbi iliyo kwenye sensa inajitokeza angani kama doa la chai. Fungua hadi f/8, hizo ni stopu 2 nyingine. Jumla 6. Filta ya ND ni kioo cha giza kinachofungwa mbele ya lenzi, na inayopunguza stopu 6 ni ND64. Kwa kumbukumbu: ND2 hupunguza stopu 1, ND4 hupunguza 2, ND8 hupunguza 3.

Filta za ND za kuzungusha, zile zinazojitia giza kadiri unavyozigeuza, ni rahisi kubeba, lakini ndani yake ni vioo viwili vya polaraizi. Ukizisukuma mwisho kabisa, hasa na lenzi pana, anga huota kivuli chenye umbo la X. Ukikiona, rudisha nyuma kidogo, funga tundu la lenzi badala yake.

Jambo moja linawasumbua wengi wanaotumia profaili za logi, yaani picha iliyofifishwa makusudi kwa ajili ya kupaka rangi baadaye. Profaili hizo haziruhusu ISO kushuka chini sana. Kama yako inaanzia 800 badala ya 100, umejipa stopu 3 bure ambazo hukuzihitaji. Kwa kazi ya shata ndefu mchana, mimi nazima logi na kutumia profaili ya kawaida, kisha nashusha kontrasti kidogo.

Au fanya kama ninavyofanya mara nyingi: acha mchana upite. Huku karibu na ikweta jua likishazama giza halikawii, una kama dakika 20 za rangi ya bluu ambapo taa za maduka zimewaka na anga bado lina uhai. Fika mapema, funga kila kitu, subiri. Ndani ya dakika hizo 1/6 inakubali bila filta yoyote au kwa ND8 tu.

## Hatua ya 3: andaa kamera

Weka fremu 25, kamera kwenye M, ISO ya chini kabisa. Fokasi iwe ya mkono. Fokasi ya otomatiki inategemea kuona kingo kali, na wewe umeamua kuzifuta. Itaenda mbele na kurudi nyuma kama mlevi anayetafuta funguo. Lenga kitu kinachotulia, fokasi, kisha ondoa mkono.

Zima utulizaji wa kielektroniki. Hili silegezi. Utulizaji huo hufanya kazi kwa kuikata na kuisogeza picha baada ya kupigwa, kwa hiyo fremu inatulia mahali pake lakini ukungu uliokwisha kuingia ndani yake unabaki. Matokeo yake ni picha iliyosimama ambayo kila baada ya muda inapumua ukungu bila sababu. Utulizaji wa sensa au wa lenzi ni tofauti, huo unauzuia mtikisiko kabla haujaandikwa, unafaa ukiwa mkononi. Kamera ikiwa juu ya tripodi, uzime nao.

Kwenye simu hadithi ni hiyohiyo, isipokuwa programu ya kamera iliyokuja na simu mara nyingi haikupi shata. Programu ya Blackmagic Camera ni ya bure, ilianza na iPhone mwaka 2023 ikaja kwenye Android mwaka 2024, na inakuruhusu kuweka shata mwenyewe. Simu nyingi hutoka dukani zimepangwa fremu 30. Badilisha ziwe 25. Tundu la lenzi ya simu huwa halifungi, kwa hiyo mchana utahitaji kafilta ka ND ka kubana, vinginevyo subiri jioni.

Kuhusu taa za ukumbini, kuna habari njema. Ule mpepeso unaokusumbua ukiwa 1/60 au 1/80 hupungua sana kwenye shata ndefu. Taa za umeme wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde. 1/25 inakusanya mipepeso 4 kamili kwa kila fremu, na 1/12 inakusanya zaidi, kwa hiyo zinasawazishana. Hata umeme ukikatika na jenereta likaanza kutoa hezi za kubahatisha, shata ndefu inavumilia kuliko fupi.

## Hatua ya 4: zoezi la kwanza, umati unapita mtu ametulia

Anza na hili kwa sababu ndilo rahisi na ndilo linalofundisha zaidi. Kamera haisogei. Mtu mmoja hasogei. Dunia nzima inasogea.

Wengi humwomba rafiki asimame katikati ya njia. Inawezekana, lakini mtu aliyeambiwa "simama tuli" huyumba. Kwa 1/4 kichwa kinachoyumba sentimita 1 kinatosha kulainisha macho. Mwegemeze kwenye nguzo. Au, bora zaidi, tafuta mtu ambaye kazi yake inamtuliza.

Mimi nilimpata Kariakoo, pembeni ya Mtaa wa Msimbazi: fundi saa. Meza yake ni kasha la kioo lisilozidi upana wa mabega yake, na anapofanya kazi huinamisha kichwa, lenzi ndogo jichoni, viwiko vimekita juu ya meza. Hakuna mtu anayetulia kuliko fundi saa. Nilimpa saa yangu aibadilishe betri, nikamweleza ninachotaka, akasema "piga tu, mimi sikuangalii." Kamera niliiweka mita 4 kutoka kwake, chini kidogo ya usawa wa meza, lenzi ya milimita 50, shata 1/6, f/8. Watu walipita kati yetu na nyuma yake. Kwenye picha kichwa chake kilikuwa kikali hadi unaona mshono wa kofia. Ncha za vidole tu ndizo zilizolainika kidogo, na hilo lilinifurahisha kuliko kama zingekuwa kali. Pande zote mbili mabegi, mitandio na mafurushi ya wachukuzi yalitiririka. Mchukuzi mmoja mwenye furushi la bluu alipita karibu kabisa na lenzi na kufuta fremu nzima kwa nusu sekunde, kisha fundi akarudi palepale. Sekunde hiyo ndiyo niliyoijengea klipu yote.

Jifunze mambo mawili hapo. Wanaopita karibu na lenzi hutoa michirizi mirefu kuliko wanaopita mbali, kwa hiyo acha nafasi mbele ya mhusika, usijibane kwake. Na wanaokuja moja kwa moja kuelekea kamera hawatoi michirizi, wanatoa uvimbe. Jipange ili umati ukate fremu kwa upana.

Tripodi ya miguu mirefu kwenye njia ya Kariakoo ni ugomvi. Tumia fupi juu ya kitu, au mguu mmoja ulioegemezwa ukutani. Juu ya daraja la waenda kwa miguu usijisumbue kabisa na 1/6: daraja linatikisika kwa kila hatua ya mpita njia, na tripodi yako inatikisika nalo.

## Hatua ya 5: kusindikiza bodaboda

Hapa mambo yanageuka. Mhusika ndiye anayekwenda, na unamtuliza kwa kumfuata na kamera kwa kasi yake ileile. Yeye anabaki palepale ndani ya fremu, mandhari ndiyo inayochirizika. Mimi huita kusindikiza, kwa sababu unamchukua kabla hajafika na unamwacha baada ya kupita, kama mgeni.

Simama mita 15 au zaidi kutoka barabarani, mahali ambapo vyombo vinapita ubavu kwa ubavu na wewe. Lenzi ya milimita 70 hadi 85. Nyayo zako zielekee pale utakapomalizia, kisha jipinde kiuno urudi pale anapotokea. Mwili utajifungua wenyewe kadiri unavyofuata, ukienda laini. Ukifanya kinyume, ukaanza umenyooka na kumaliza umejipinda, mwisho wa klipu utakwama kila mara. Viwiko mbavuni. Chagua nukta moja juu ya mhusika, mimi huchagua kofia ngumu ya dereva, na iweke kwenye alama moja ya kioo chako hadi apotee.

Anza na 1/25. Wengi watakuponyoka, ni kawaida; katika bodaboda 10 ukipata 2 ambazo kofia imetulia umefanya vizuri. Ukizoea shuka 1/12. Chini ya hapo siendi kwenye kusindikiza, kwa sababu picha zinazorudiwa huifanya mandhari iruke kwa vipande.

Kosa la kimyakimya katika zoezi hili ni ukuta mtupu. Nilishapoteza jioni nzima nikisindikiza vyombo mbele ya ukuta mrefu wa rangi ya krimu, na kila klipu ilionekana kama bodaboda imeegeshwa mbele ya pazia. Ukuta wa rangi moja ukiuburuza unabaki rangi moja. Michirizi inatoka kwenye vitu vyenye madoa: maduka yenye taa, majani ya miembe, mabango, mafundi wa pembeni ya njia. Tafuta mandhari chafu.

Na ukae mbali na ukingo wa lami. Ukiwa na jicho kwenye kioo hujui nini kinakujia kwa nyuma, na bodaboda hawana habari na upande.

## Hatua ya 6: ndani ya bajaji

Hii ndiyo niipendayo kuliko zote. Kamera ikifungwa kwenye chombo, chombo kinatulia na jiji zima ndilo linalokimbia. Hakuna kusindikiza, hakuna kipaji, kuna kufunga tu.

Funga kamera ndogo au simu kwenye bomba la bajaji nyuma ya dereva kwa kibanio kigumu. Usiweke kitambaa katikati ukidhani utapunguza mtetemo. Unachotaka ni kamera na bajaji vitetemeke pamoja kama kitu kimoja. Kitambaa kinaziachanisha, na hapo ndani ndipo panapoingia ukungu. Kamera nzito haifai, inajitikisa yenyewe juu ya kibanio. Fokasi iwe kwenye mabega ya dereva, shata 1/12 au 1/6, saa 1 usiku. Mwelewane na dereva kabla, mlipe nauli na cha juu kidogo, na fokasi, mwanga na kila kitu kiwe tayari kabla hajawasha injini.

Nilipanda kutoka Sinza Mori hadi Bamaga. Niliporudi kuitazama, kilichonishika hakikuwa barabara. Kilikuwa kioo cha pembeni. Fremu yake ya plastiki ilitulia tuli, hata ufa mdogo wa kona ulionekana, na ndani ya kioo hicho taa za magari ya nyuma zilikuwa zinaandika mistari myeupe inayojipinda kila bajaji inapokwepa shimo. Tangu siku hiyo nikipanda bajaji na kamera nafunga kwa ajili ya kioo, barabara ni nyongeza.

## Hatua ya 7: mchezaji na mwanga unaokula giza

Sensa haisahau mwanga. Kitu cheupe kikipita mbele ya giza kinaacha njia yake yote imeandikwa. Kitu cheusi kikipita mbele ya mwanga hakiandiki chochote. Mwanga wa nyuma unakifuta, na kinakonda hadi unaona nguzo kupitia kiunoni mwake. Kwa hiyo kabla ya kumpiga mchezaji angalia nguo na ukuta, si miguu. Shati jeupe, kanga yenye manjano, soksi nyeupe, mbele ya ukuta wa giza au usiku wa wazi. Taa imwangukie kutoka ubavuni, isimwagike ukutani.

Singeli ina mapigo 200 na zaidi kwa dakika, yaani zaidi ya 3 kila sekunde. Kwa 1/6 picha moja inakula zaidi ya nusu ya pigo, na mikono inayeyuka kabisa. Kwa 1/12 unapata kama picha 3 au 4 kwa kila pigo, mkono unaonekana unapoanzia na unapoishia na katikati kuna upepo. Hapo ndipo pazuri. Kwa taarabu, ambako mtu anayumba na kitambaa mkononi, shuka hadi 1/4 bila hofu.

Na nani anatulia? Mwombe mchezaji asihamishe nyayo kwa vipande 2 au 3 vya wimbo. Miguu imepandwa, kiuno na mikono vinafanya fujo. Au mtulize mtu wa pembeni: mpiga picha wa simu, mtoto aliyekaa juu ya spika.

## Hatua ya 8: kamera ikigoma kushuka

Njia ya kwanza ni kupunguza fremu zenyewe. Sony huita S&Q (Slow and Quick), na kampuni nyingine zina majina yao. Ukipanga fremu 6 kwa sekunde, shata inaweza kuwa 1/6 halali, bila kurudia chochote. Faili likichezwa kwa fremu 25 linakwenda mbio mara 4 hivi. Ukilipunguza hadi asilimia 24 kwenye uhariri, unarudi kwenye kasi ya kweli na kila picha inarudiwa mara 4. Kwa fremu 12, punguza hadi asilimia 48. Watengeneza filamu wa Hong Kong walifanya hivyohivyo kwa mkanda, wakipiga fremu chache na kuchapisha kila moja mara kadhaa. Sauti hairekodiwi kwenye S&Q, kwa hiyo rekodi sauti ya mazingira kwa simu.

Njia ya pili ni picha za mgando. Piga picha ya sekunde 1 kila baada ya sekunde 2. Picha 250 zinakupa sekunde 10 za video, na zitakuchukua dakika 8 na sekunde 20. Hapo umati hauchiriziki tena, unakuwa ukungu wa kweli unaotambaa chini. Fundi saa hawezi kutulia kiasi hicho, ila jengo, mti au jahazi lililokaa mchangani maji yakiwa yametoka, vinaweza.

## Hatua ya 9: mezani

Kwenye programu ya uhariri ya DaVinci Resolve, klipu uliyoipunguza kasi iweke kwenye chaguo la Nearest, linalorudia fremu tu bila kubuni. Ukiacha ile njia inayobuni fremu za katikati, programu itajaribu kuunganisha picha zilizorudiwa, na nyuso zitanyumbulika kama andazi bichi.

Usioneshe klipu hizi zikiwa peke yake. Tanguliza moja kali, ya 1/50, ya mahali palepale, ili mtazamaji ajue kamera yako ni nzima na ukungu unaofuata umeukusudia. Klipu zenye picha zilizorudiwa zisizidi sekunde 4 au 5, hasa kama kazi inakwenda kwenye simu za watu: ikirukaruka muda mrefu, mtu atadhani bando limekata, ataifunga. Acha sauti iendelee laini chini yake bila kukatika. Sauti isiyoruka ndiyo inayomhakikishia kwamba kila kitu kiko sawa.

Na kabla ya kila jaribio tamka mbele ya kamera: "1/12, f/8, ND8." Ukiwa na klipu 60 za jioni moja hutakumbuka, na mafaili mengi ya video hayatakukumbusha.

Harusini nilirudi, miezi mingi baadaye, ya watu wengine. Bibi harusi nilimpiga 1/50 kama kawaida tangu mlangoni hadi jukwaani. Wakati wa kucheza nikaiweka kamera juu ya meza, nikakandamiza miguu yake kwa chupa 2 za soda, shata 1/6. Ukumbi mzima ulikuwa unazunguka, vitenge vya sare vimekuwa mto mmoja wa zambarau. Katikati alikuwa bibi yake bwana harusi, kitini, mkoba magotini, mikono juu ya mkoba, anaangalia mbele. Hakusogea hata kidogo kwa sekunde 11. Baadaye nilimuuliza alikuwa anawaza nini, akasema alikuwa anasubiri pilau.